Upinde wa mbao wenye mgongo wa mwanzi: mwongozo kamili kwa anayechongea Dodoma

Pinde zilizovunjika zinazoletwa uani kwangu zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Mwanzi wa mgongoni mzima, unang'aa. Geuza upande wa pili: mbao imesagika, ina mikunjo midogo midogo kama ngozi ya kiwiko, na mahali pamoja imekatika kabisa. Mwenyewe anajitetea: "Fundi, niliweka mwanzi mnene makusudi, usije ukavunjika."

Kosa ni huo mwanzi mnene.

Upinde unapovutwa, upande unaotazama windo unavutwa na upande unaokutazama wewe unabanwa. Wa kwanza tuuite mgongo, wa pili tumbo. Mwanzi una nguvu nyingi za kuvutwa kuliko mbao nyingi zinavyoweza kuvumilia kubanwa. Ukiuacha mnene unakataa kurefuka, na kazi yote inalishukia tumbo. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina lengo moja: mgongo uwe imara, lakini usilishinde tumbo.

Kabla ya panga: kukata mti porini omba ruhusa serikali ya kijiji na ofisi ya misitu. Na upinde si kibali cha kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka leseni, na kuingia hifadhini na silaha bila kibali ni kosa, hata kama ulikuwa unapita tu. Wengi wetu tunalenga gunia la maranda, na linatosha.

## Vifaa

Vipimo vyote ni vya upinde wa sm 170, kwa mtu anayevuta sm 66, nguvu ya kilo 18 hadi 20. Ukiwa na mikono mirefu, ongeza urefu wa upinde sm 5 kwa kila sm 2 za mvuto.

- Mbao ya tumbo: sm 175 kwa sm 4.5, unene mm 20.
- Ubapa wa mwanzi: urefu na upana huohuo.
- Kipande cha mbao ngumu cha kishikio: sm 20 kwa sm 4 kwa sm 3.
- Gundi ya epoksi ya vichupa viwili vya kuchanganya, ile inayokauka polepole. Ya dakika tano iache dukani.
- Tyubu za baiskeli 4 zilizochakaa, zikatwe mikanda ya sm 3.
- Randa, tupa ya mbao, tupa nyembamba ya mviringo, msasa namba 60, 120 na 240.
- Kikwaruzo: kipande cha bapa la msumeno mkuukuu kilichonolewa ukingo.
- Mbao mbili za mbili kwa nne zilizonyooka. Moja ya kubania, moja ya kupimia.
- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, kapi moja, kamba ya katani.
- Uzi wa poliesta na donge la nta. Nta tafuta kwa wauza asali wa Singida na Manyoni, ni safi kuliko mishumaa.

## 1. Mbao ya tumbo: soma nyuzi, acha rangi

Mimi natumia mkole ninapoupata mnene wa kutosha, na mkaratusi nisipoupata. Mkole unapinda na kurudi, tena watu wa huku walishaujua kabla yangu. Mkaratusi ni mgumu na haukosekani, ila ukikaushwa haraka unapasuka. Mninga ni mbao nzuri ya kitanda na mlango; kwenye upinde siutumii. Mpingo ni mzito mno, unazama majini, na mikono ya upinde, yaani sehemu mbili zinazopinda juu na chini ya kishikio, ikiwa mizito inarudi polepole. Weka akiba kipande chake kidogo cha nchani.

Tazama ubavu wa mbao. Mistari ya nyuzi iende kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mstari unaoanza katikati na kutokea pembeni ni ufa unaosubiri siku yake. Katika rundo la mbao 30 huenda ukapata moja, pengine usipate. Rudi wiki ijayo. Muuza mbao atakuchoka, lakini ni afadhali akuchoke yeye kuliko wewe uuchoke upinde.

Ukikata mti mbichi, paka rangi ya mafuta kwenye miisho yote miwili siku hiyohiyo. Maji hutokea miishoni haraka kuliko ubavuni, ndiyo maana nyufa huanzia huko. Pasua, kisha laza kivulini palipo na upepo, ukitenganisha na vijiti. Usiweke juu ya bati.

Imekauka? Usigonge ukasikiliza mlio. Ipime kwenye mizani ya duka kila Jumamosi na uandike uzito juu ya mbao yenyewe kwa penseli. Wiki tatu mfululizo ikitoa namba ileile, imemaliza. Ubao uliopasuliwa wa mm 25 hadi 30, hapa Dodoma, ukianza Mei mvua zikiisha, hesabu miezi mitatu hadi minne. Mbao iliyotoka Pwani hata kama ni "kavu" ikae ndani kwako wiki kadhaa. Hewa yetu itainyonya zaidi.

## 2. Mwanzi: hapa ndipo pinde zinapofia

Tafuta mwanzi uliokomaa, wa miaka mitatu au zaidi, kipenyo sm 10 kwenda juu. Mwembamba una mzingo mkali, ukiusawazisha upande wa ndani unabaki na kingo kama wembe na katikati nene. Usiwe na alama za panga wala vitundu vya wadudu.

Pasua ubapa wa sm 4.5. Upande wa ndani, ule wenye nyama laini, uchonge kwa randa mpaka ulale bapa juu ya kioo cha dirisha bila mwanga kupita chini yake. Mwanga ukipita, gundi itajaza pengo, na palipojazwa gundi ni dhaifu kuliko palipogusana.

Unene: mm 4 katikati, ukishuka taratibu hadi mm 2.5 kwenye ncha. Mwanzi usizidi robo ya unene wote wa upinde. Ukikumbuka namba moja tu kwenye mwongozo huu, iwe hiyo. Pima kila sm 20, usikisie kwa kidole.

Upande wa nje kwarua ile ngozi ya nta tu. Mafundo yaache na uvimbe wake. Ukiyasawazisha ili yapendeze umekata nyuzi zenyewe, na upinde utafunguka hapohapo.

## 3. Kuandaa tumbo

Randa ubao uwe mm 13 katikati na mm 9 nchani, ukipungua bila ngazi. Sm 30 za katikati zibaki na unene mmoja.

Kwa nini milimita zinahesabiwa hivi? Ugumu wa mbao unakwenda na unene kwa kipeo cha tatu: unene kuzidishwa kwa unene kuzidishwa kwa unene. Punguza unene kwa asilimia 10, ugumu unashuka kwa takriban asilimia 27. Punguza upana kwa asilimia 10, unashuka asilimia 10 tu. Kwa hiyo kosa dogo la unene ni kosa kubwa la upinde. Mwishoni, unapobakiza marekebisho madogo, gusa upana.

## 4. Kubandika

Kwarua nyuso zote mbili kwa msasa namba 60, kwa mwelekeo wa urefu. Pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, subiri ikauke, na usiguse tena kwa vidole. Vidole huacha mafuta.

Kwenye mbili kwa nne weka vipande vya mbao vya sm 4, kimoja kila mwisho. Ubao wa tumbo unalala juu yake, mwanzi unakuja juu ya ubao. Katikati unabana chini hadi sm 30 zile zilale kabisa. Ncha zinabaki zimeinuka kuelekea mgongoni. Umbo hili la kinyume linalipia baadaye, kwa sababu kila upinde hujikunja kidogo kufuata ugwe, yaani kamba yake, na ulioanza umenyooka huishia kuonekana kama mzee aliyebeba gunia.

Jaribu kufunga kila kitu bila gundi kwanza. Usiruke zoezi hili. Utagundua kipande fulani kinateleza, na ni heri ukigundue ukiwa na mikono mikavu.

Changanya epoksi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye vichupa vyake. Paka pande zote mbili, nyembamba lakini bila doa kavu. Funga mikanda ya tyubu kuanzia katikati kwenda nchani, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliopita. Iwe imekaza kama bandeji ya kifundo cha mguu. Ukivuta kwa nguvu zako zote gundi yote itatoka pembeni na ndani kubaki pakavu. Epoksi haihitaji kuminywa.

Mafanikio yanaonekana hivi: ute mwembamba wa gundi unachungulia kwenye ukingo wote, bila kuruka. Pale ambapo haujachungulia, fungua upake tena sasa hivi.

Acha saa 24. Juni na Julai, baridi ya usiku wetu inachelewesha gundi, acha 48. Ukifungua, ncha zitashuka kidogo. Zikibaki juu sm 2 umefaulu.

Gundi nyeupe ya maseremala? Kwa kiti, sawa. Kwenye upinde inateleza polepole chini ya mzigo wa kila siku, na baada ya miezi unakuta mwanzi umesogea.

## 5. Umbo

Bandika kipande cha kishikio upande wa tumbo, katikati. Kikauke. Chora mstari wa katikati kwa uzi uliotandazwa kutoka ncha hadi ncha, usiamini ukingo wa ubao.

Kishikio ni sm 10. Kila upande sm 5 nyingine zinateremka kama mteremko wa paa hadi kwenye mkono wa upinde. Mteremko mkali ni mahali pa kuvunjikia.

Kutoka hapo upana ubaki mm 38 mpaka ufike umbali wa sm 40 kutoka katikati, kisha unapungua hadi mm 12 nchani. Zungusha kingo za mwanzi kwa msasa mpaka zisikate ngozi. Ukingo mkali huanza kupasuka kwanza.

Mikato ya ugwe chonga kwa tupa ya mviringo pembeni tu, kina mm 3, imelala kwa pembe ya digrii 45. Mgongoni usivuke. Hapo ndipo kile kipande cha mpingo kinapata kazi: kibandike juu ya ncha, ukate ndani yake.

## 6. Kupinda kwa mara ya kwanza

Simamisha ncha moja sakafuni, bonyeza katikati kwa kiganja, tazama mkono wa chini ukipinda. Geuza. Haupindi kabisa? Randa tumbo, mikwaruzo kumi ndefu kila mkono, jaribu tena. Unataka mkono ujikunje sm 5 au 6 kwa kubonyeza kwa kawaida, na mikono yote miwili ifanane.

Kuanzia sasa mgongo hauguswi tena. Kila kitu kinaondolewa tumboni.

## 7. Ubao wa kupimia

Hatua hii ina haraka nyingi kuliko zote, nami niliharakisha kama wengine.

Simamisha ile mbili kwa nne ya pili, ifunge kwenye nguzo. Juu weka kitako cha kishikio, chini kabisa funga kapi. Chora mistari kila sm 5 kutoka kitako kushuka. Funga kamba ndefu iliyolegea kwenye ncha mbili, ndoano ya mizani katikati ya kamba, na kutoka mizani kamba ya katani inapita kwenye kapi kuja mkononi mwako. Simama mbali, hatua nne. Upinde ukivunjika, vipande vinaruka. Vaa miwani, hata ya jua.

Kanuni mbili:

Usivute kupita kilo unazolenga. Unataka kilo 20? Ukifika kilo 20 kwenye sm 30 tu, simama hapo na ukwarue. Kuvuta zaidi hakuulainishi upinde, kunalisaga tumbo.

Usivute kupita pale unapoona kasoro. Ukiona sehemu imepinda kuliko nyingine, shusha, rekebisha, ndipo uendelee.

Baada ya kila ukwaruaji, vuta na kuachia taratibu mara 30 kabla ya kupima tena. Mbao haikupi jibu mara moja. Asiyesubiri hukwarua tena na tena, halafu jioni anashangaa upinde umelegea kama fimbo ya mchungaji mvivu.

Tengeneza kifaa kidogo: kipande cha mbao kilichonyooka, sm 15, kitoboe katikati upitishe penseli ibane. Upinde ukiwa umevutwa kidogo na kamba imefungwa, telezesha kifaa hiki juu ya tumbo. Rekebisha penseli iguse kidogo tu mahali palipopinda kwa kawaida, kisha teleza mkono mzima. Penseli inapochora pana ugumu: kwarua juu ya mchoro. Isipogusa pamepinda sana: usiguse, zungushia duara la chaki, uchonge kila sehemu nyingine mpaka zilifikie. Sehemu iliyopinda peke yake tunaiita goti, na goti haliponi kwa kuchongwa.

Kabla ya kujua kifaa hicho nilitegemea macho. Mzee mmoja wa Chemba, Msandawe, alikuja kumtembelea jirani yangu akanikuta nimesimama mbele ya ubao, kichwa upande, kama mtu anayetazama picha ya ukutani. Nikamwamkia. Akauomba upinde. Akasimamisha ncha juu ya katambuga yake ili isile vumbi, akabonyeza mara mbili, polepole, macho amefumba. Kisha dole gumba likaanza kusafiri juu ya tumbo, kutoka mteremko wa kishikio kwenda juu. Likapita, likarudi nyuma upana wa vidole viwili, likasimama.

"Hapa, mjukuu wangu. Hapa pamelala."

Macho yangu yalikuwa yakinituma kuchonga chini ya hapo, kwenye mpindo mkubwa. Ningechonga goti. Alichora msalaba kwa mkaa, nikakwarua pale peke yake, mikwaruzo kama ishirini, na mpindo wa chini ukatulia bila kuguswa. Tangu siku hiyo mahali pagumu pasipopinda nasema pamelala, na najua kwamba kasoro unayoiona mara nyingi inasababishwa na jirani yake.

Dalili nyingine, kwa haraka. Mikunjo myembamba ya kukingama tumboni: tumbo linasagika. Punguza nguvu unazolenga kwa kilo 3 na uchonge pande zote mbili za hapo. Mlio wa "tik" bila alama: simama, pitisha pamba mgongoni, ikinasa kuna unyuzi umeinuka. Tia gundi nyembamba na ufunge kwa uzi. Mwanzi kutengana na mbao: gundi haikushika. Usiingize gundi nyingine kwa matumaini. Tenganisha wote, safisha, urudi hatua ya 4.

## 8. Ugwe

Nailoni inanyumbuka, mshale unatoka umechoka. Tumia poliesta. Ugwe mzima uhimili mara nne ya nguvu ya upinde, yaani kilo 80 kwa upinde wa kilo 20. Funga uzi mmoja kwenye mizani uvute mpaka ukatike. Ukikatika kwa kilo 7, unahitaji nyuzi 12. Gawa mafungu mawili, paka nta, sokota kila fungu kulia huku ukiyapishana kushoto.

Kwanza funga chini: nafasi kati ya kishikio na ugwe iwe sm 7. Rudi kwenye ubao, endelea kama hatua ya 7. Mikono ikikubaliana kwenye sm 45 za mvuto, fupisha ugwe hadi nafasi ifike sm 15. Hapo pima kutoka kila mwisho wa kishikio, kwa umbali uleule: mkono wa juu uwe mbali na ugwe kuliko wa chini kwa mm 3 hadi 5. Mkono wako unashika chini ya katikati, na mkono wa chini wa upinde unabeba zaidi.

Teremka sm 5 kwa sm 5 hadi 60. Sita za mwisho acha zifunguke zenyewe kwa kurusha mishale, usizilazimishe ubaoni.

## 9. Kumaliza na kutunza

Msasa 120, kisha 240, kisha mafuta ya kitani tabaka nne, kila moja ikikauka. Mvua za Desemba zikianza, unyevu unaingia na upinde unapoteza nguvu. Mafuta yanauchelewesha tu. Anayetaka kinga zaidi apake vanishi. Kishikio funga ngozi ya mbuzi.

Usiachie ugwe bila mshale. Nguvu ambayo ingekwenda na mshale inarudi kwenye mikono, na hapo hata upinde mzuri hupasuka. Mishale myepesi kupita kiasi ina madhara hayohayo kwa kiasi kidogo. Kwa kilo 20 nisingeshuka chini ya gramu 26.

Usiuache ndani ya gari. Nilipoteza upinde wangu wa nne kwenye kiti cha nyuma, mchana wa Oktoba, gari likiwa limeegeshwa juani kwa saa mbili. Epoksi ikalainika, mwanzi ukateleza mm 3 kutoka mahali pake, ukagandia huko. Haukuvunjika. Ulikuwa unarusha kushoto tu.

Ukimaliza kurusha, vua ugwe. Laza upinde juu ya misumari miwili ukutani, ndani, mbali na jiko. Usiuegemeze kona.

Rusha mishale 100 kwa karibu, hatua kumi, bila kujali unapiga wapi. Kisha pima tena nguvu kwenye sm 66. Ikiwa nguvu imepungua kwa kiasi kisichofika kilo moja, umetulia, na unaweza kuandika namba yake ndani ya kishikio kabla ya kufunga ngozi.